Makombe Yaliyolilia Jina

Jumatatu baada ya fainali, Ajwang, kibarua wa kufua pale chuoni, alianika jezi arobaini na mbili nyuma ya ukumbi wa michezo: za hoki ya wanawake, za voliboli, na zile za raga ambazo matope yake hayatoki hata ukiyaombea. Alikuwa amefika kwenye soksi, saa nne kasorobo, wakati kombe la hoki lilipoanza kulia ndani ya kabati la vioo.

Lililia kilio cha mtoto mchanga, kile cha kukaza tumbo, likapumzika kidogo, likaendelea. Bwana Shitanda, afisa wa michezo, aliweka andazi lake mezani, akalitoa kombe kabatini, akalichungulia ndani na chini, akalipangusa. Halikunyamaza. Mumbi, karani wake, alifunga dirisha ili watu wa maktaba wasisumbuke.

"Labda linasikia baridi," Mumbi alisema.

"Baridi gani Kisumu hii, mama?"

Hata hivyo walilifunga sweta. Kufikia saa sita kombe la voliboli, la raga na lile dogo la klabu ya chesi yalikuwa yamejiunga, na Mumbi akaenda kutafuta sweta zingine.

Msimu kama ule chuo kilikuwa hakijawahi kuuona. Hoki walicheza mechi kumi na saba bila kufungwa hata moja. Voliboli waliwanyoa watu wa Nairobi seti tatu kavu. Hata klabu ya maigizo, ambayo miaka yote ilirudi na cheti cha kushiriki, mara hii ilirudi na ngao. Wengine walisema ni makocha, wengine wakasema ni maombi ya ushirika wa Ijumaa. Hakuna aliyesema ni uwanja, ingawa wote walifanyia mazoezi hapo, hata watu wa maigizo, maana ukumbi wao ulikuwa umejaa popo.

Uwanja huo ulikuwa kazi ya marehemu Okinyi, mume wa Ajwang. Yeye ndiye aliyechimba mitaro kwa jembe katika ule udongo mweusi unaong'ang'ania kiatu. Yeye ndiye aliyefyeka nyasi, na kila asubuhi akafukia nyayo za viboko waliopanda kutoka ziwani kuja kulisha. Mistari aliichora kwa chokaa na kamba, jicho moja amelifumba. Alifanya hivyo miaka ishirini na mmoja, na kila siku ya miaka hiyo alitia sahihi kwenye daftari la vibarua pale getini, kwa sababu barua yake ya ajira ilikuwa inashughulikiwa. Agosti iliyopita alianguka kwenye mstari wa katikati, ndoo ya chokaa mkononi, akafa. Chuo hutoa tangazo la tanzia mfanyakazi akifa. Kibarua si mfanyakazi, kwa hiyo tangazo halikutoka.

Baada ya matanga Ajwang aliandika barua moja. Aliomba uwanja uitwe jina la Okinyi, basi. Alijibiwa kwamba ombi lake linashughulikiwa. Sasa Ijumaa kulikuwa na sherehe ya washindi, na kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani aliona "Kuzindua kibao cha jina la uwanja". Aliisoma mara tatu, mkono juu ya moyo, na hakumwambia mtu.

Jumanne, Lorna, kapteni wa hoki, aliingia ofisini na kusikiliza kilio kidogo tu.

"Sir, hizi zinalilia jina."

Akaeleza desturi ya kwao Seme: mtoto akilia bila kukoma, wazee humtajia waliokufa mmoja baada ya mwingine. Jina atakalonyamaza nalo ndilo lake, na aliyekufa amerudi kukaa nao.

Mumbi alicheka. "Kwetu Nyeri mtoto anazaliwa akikuta jina linamngoja. Nyinyi mnamwacha alie kwanza?"

"Tunamsikiliza kwanza," Lorna alisema.

Bwana Shitanda hakubishana, kwa sababu nyanya yake kule Butere alifanya vivyo hivyo. Aliitisha faili la matangazo ya tanzia, akavaa miwani, akaanza kusoma. Alisoma maprofesa, wapishi, madereva, wakutubi wawili na kasisi. Majina mia moja na kumi na matatu. Makombe yalilia kwa yote.

Dirisha lilikuwa limefunguliwa tena kwa ajili ya joto, na Ajwang aliyasikia yote kutoka kwenye kamba ya nguo. Jina alilijua tangu Jumatatu. Angeweza kuinua tu kichwa na kulitamka. Lakini alitaka walitaje wenyewe, kwa midomo yao, maana yeye alikuwa amekwisha kuliandika na kupiga simu na kungoja kwenye mabenchi. Alisikia faili likifungwa, akainama kuchukua jezi nyingine. Ilimuuma sana.

Ijumaa makombe yalipangwa mezani pale uwanjani, mbele ya jukwaa, kila moja na sweta yake, yakilia. Mgeni wa heshima alikuwa Injinia Odongo, mfadhili aliyeleta nyavu za magoli. Hotuba hazikusikika. Bwana Shitanda alishika kipaza sauti, na kwa kuchanganyikiwa akaanza kusoma orodha yoyote iliyokuwa karibu naye, na iliyokuwa karibu ilikuwa ya wageni.

"Injinia Odongo," akayaambia makombe.

Watu walishika midomo. Kumtajia mtoto jina la mtu aliye hai, tena ameketi hapo hapo na soda mkononi! Makombe yakalia zaidi.

"Mimi bado niko," alisema Injinia kwa upole. "Endelea na wengine."

Bwana Shitanda alivua miwani. Mbele yake, kwenye mstari wa katikati, Ajwang alikuwa amesimama na karai la jezi safi za gwaride. Afisa huyo alimtazama, akautazama mstari, uliokuwa umenyooka bado. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amemsalimia mtu kwenye mstari huo kila asubuhi.

"Okinyi," alisema.

Yakanyamaza yote kwa mara moja. Lile dogo la chesi lilipiga kwikwi moja, likalala.

"Woi, kumbe ni Mzee Okinyi!" Lorna alipiga kelele, na timu nzima ya hoki ikapiga vigelegele. Ajwang aliweka karai chini akalia kwa furaha waziwazi, hakujificha.

Mshereheshaji aliwashukuru wote kwa uvumilivu, akaita kipengele kilichofuata. Kitambaa kikavutwa. Kibao kilisema UWANJA WA INJINIA ODONGO. Watu walipiga makofi, kwa kuwa ratiba ilisema makofi. Ajwang alikisoma kibao kile, akapangusa macho kwa kona ya leso, akawagawia wachezaji jezi zao.

Mwaka umepita na kibao bado kipo. Makombe pia yapo, na kila siku saa nne kasorobo huamka na kuanza kulia. Aliye karibu, awe mlinzi, mpishi au profesa, huita "Okinyi!" nayo hulala. Injinia mwenyewe aliwahi kuita, alipokuja kukagua nyavu. Wanafunzi wapya wakifika Septemba huonyeshwa maktaba, huonyeshwa mahali pa chakula, kisha hufundishwa jina. Msimu huu hoki wametwaa tena, na kombe jipya lilianza kulia ndani ya basi la chuo pale Awasi, waliposimama kununua mahindi. Basi zima liliitikia huku midomo imejaa.

Ajwang bado anatia sahihi kwenye daftari la vibarua, kisha anaenda nyuma ya ukumbi kuanika. Saa nne kasorobo husimama kidogo, kibanio mkononi, mpaka asikie jina likiitwa dirishani.

"Yuko kazini," hujibu, na kuchukua jezi nyingine.