Reli Chini ya Dari

Nilipoijenga ile shelfu sikuwa na mapenzi moyoni, na anayesema vinginevyo anipishe. Niliijenga kwa hasira, ubao kwa ubao, kuta zote nne za chumba cha baba, shubiri moja na nusu chini ya dari. Wazo lilikuwa la mdogo wangu, fundi umeme. Baba alikuwa ameteleza ngazini akaumia uti wa mgongo, daktari akasema alale chali miezi mitatu, asikalishwe hata dakika moja. Wiki ya pili akaanza kukataa chakula.

"Dada, tumwekee treni zake juu," mdogo wangu akasema. "Huku chini kuna mlango, kuna dirisha, kuna kabati. Juu zitazunguka chumba kizima. Si anaangalia dari kutwa? Basi aangalie treni."

Treni zenyewe ni za kuchezea, kila behewa halizidi urefu wa kalamu. Baba aliendesha treni za kweli miaka thelathini na moja, na hizi ndogo alizikusanya safarini akazifungia kwenye maboksi. Sisi watoto tuliruhusiwa kuyafuta vumbi hayo maboksi, basi.

Nilikubali haraka mpaka mdogo wangu akashangaa. Hakujua nia yangu. Nilikuwa na miaka kumi na mitano mama alipougua, na kwa miaka miwili mimi ndiye niliyemwogesha, niliyemkorogea uji, niliyeacha shule. Baba alikuwa njiani. Anakuja, anabadilisha nguo, anaondoka. Mama alikuwa akituambia, "Baba yenu hawampi ruhusa, msimlaumu." Tukamzika mama, baba akarudi kazini, na tangu siku hiyo hajawahi kuniambia hata pole. Neno dogo hivyo! Mtu akijikwaa barabarani huambiwa pole na watu asiowajua.

Basi nikasema moyoni, vizuri sana. Mimi ni seremala, nitamjengea kitu mbele ya macho yake. Akiamka aone kazi ya mikono yangu, akitaka kulala aone kazi ya mikono yangu, akose pa kugeuzia uso mpaka lile neno limtoke.

Siku tisa nilipanda na kushuka ngazi mpaka magoti yakalia. Vumbi la drili lilinijaa kwenye nyusi. Braketi nilizifunga kila baada ya sentimita hamsini, na kila ubao niliulaza kwa pima maji, si kwa kukadiria. Huko kitandani baba alikuwa amefufuka kama mtu aliyerudishwa kazini.

"Kona hiyo ni kali! Treni itaruka reli!"

"Sijaikata bado, Baba."

"Naona ulivyoishika. Na uweke ukingo. Behewa likianguka kutoka huko halitengenezeki tena."

"Ukingo wa urefu gani?"

"Vidole vinne. Na ubao uwe mpana, reli ikae ndani kabisa, karibu na ukuta."

Nikaweka vidole vinne. Nikasogeza reli karibu na ukuta. Baba akaanza kula, mdogo wangu akafurahi, mimi nikazidi kuudhika. Nilipomletea uji kwa mkono wangu alifumba mdomo, lakini treni ilipotajwa akamaliza bakuli na kuuliza kama kuna kingine.

Siku ya kumi mdogo wangu akaunganisha nyaya. Tukapanga injini na mabehewa sita. Mimi nikiwa juu ya ngazi, yeye juu ya stuli, akabonyeza swichi, na treni ikaondoka. Nakiri, ilipendeza. Ilipita juu ya mlango, ikakata kona bila kuyumba, ikapita juu ya dirisha na kurudi. Mdogo wangu alipiga makofi kama mtoto.

"Unaionaje, Baba?"

Treni ikazunguka mara ya pili, mara ya tatu.

"Naisikia," baba akasema. "Iko wapi?"

Nikashuka, nikapiga magoti, nikalaza kichwa changu kando ya mto wake. Kutoka pale niliona mbao. Mbao na ukingo, kuta zote nne. Treni ilipita ikinguruma na sikuona hata paa la behewa moja. Watu watatu wazima, kila mmoja na ufundi wake! Dereva alipanga kama aliyekaa kwenye kiti cha dereva. Mimi nilipima nikiwa kwenye ngazi, na fundi umeme akiwa kwenye stuli. Hakuna aliyepima akiwa amelala, hata huyo aliyelala.

Mdogo wangu naye akainama akaangalia. Aliponyanyuka alikuwa amekunja uso.

"Dada, umefanya makusudi."

"Makusudi?" Damu ilinichemka. "Vidole vinne nilivitaja mimi? Wewe ulikuwa hapa siku zote tisa, macho yako uliyaacha kwenye koti?"

"Wewe ndiye seremala! Ulijua!"

"Mwache dada yako," baba akasema. "Mimi nimekuwa nikiziangalia hizi mbao tangu juzi. Umezipiga msasa mpaka upande wa chini, ambao hakuna anayeuangalia. Kazi safi."

Haya. Siku tisa nasubiri mdomo wake ufunguke, unafunguka kusifia mbao.

"Sitaki usifie mbao!" nikapayuka. "Miaka miwili nilikuwa namnyanyua mama, namlaza, namnyanyua tena, na mimi mtoto! Hukuuliza. Hukusema pole. Kampuni ilikunyima ruhusa, sawa. Na mdomo nao ulinyimwa ruhusa?"

Baba alikuwa ameikodolea macho dari. Treni ikapita tena juu yetu.

"Zima hiyo," akamwambia mdogo wangu.

Ikazimwa.

"Walikuwa wananipa," akasema.

"Wanakupa nini?"

"Ruhusa. Bosi mwenyewe aliniambia, nenda nyumbani, mkeo anaumwa. Mimi ndiye niliyekuwa naomba zamu za wenzangu. Nilikuwa nikifika pale mlangoni nikamsikia anavyokohoa, miguu inakataa. Niliogopa."

Nilishika ukingo wa kitanda. "Mama alijua?"

"Alijua. Aliniambia, 'Nenda tu, watoto nitawaambia hawakupi ruhusa.'" Akanigeuzia macho. "Pole, mwanangu. Pole sana."

Lilikuja, basi, lile neno. Nililisikia vizuri kabisa, na sikupoa hata chembe. Nilikuwa nimemkasirikia mtu mmoja. Sasa wamekuwa wawili, na mmoja yuko kaburini, siwezi hata kumgombeza. Aliniacha niache shule huku akijua baba yangu yupo anaogopa mlango!

Nikamwambia baba kila kitu. Nilimwambia kuhusu shuka nilizofua alfajiri, kuhusu mwalimu aliyekuja mara tatu kuniulizia, kuhusu usiku mama alipolia kwa maumivu nami sikujua pa kumshika. Mdogo wangu alisimama na bisibisi mkononi.

Saa sita mchana ikafika. Daktari alisema mgongo wake upanguswe kila siku saa hiyo, la sivyo utatoa vidonda, na ni kazi ya watu wawili. Nikamwashiria mdogo wangu. Yeye akashika miguu, mimi nikashika mabega, tukamgeuza taratibu, kichwa na kiuno kwa pamoja, akatazama ukuta. Nikachovya kitambaa kwenye maji ya vuguvugu. Nilimpangusa mgongo wote, kuanzia shingoni, huku nikiendelea kumfokea, naye akinijibu kwenye ukuta, "Ndiyo. Ndiyo, mwanangu."