Doti Isiyokatwa

Nilichokiona kwanza ni kanga. Bi Siwema, mgonjwa wa kitanda cha dirishani katika hospitali ninakofanya usafi, alijifunika kipande cha zambarau chenye maua ya mkarafuu. Bi Tausi, aliyesimama mlangoni na chupa ya uji, alijitanda kipande cha pili cha doti ileile.

"Wewe ni nani wake?" muuguzi akamwuliza.

"Rafiki."

"Rafiki aje Jumapili. Leo ni ndugu tu."

Bi Tausi akanitazama. Nikainamia tambara langu. Mchana nilirudi nyumbani, nikajilaza mkekani, usingizi ukanichukua.

Nikajiona katika nchi ya vilima iliyogawanywa majimbo kwa kuta za mawe, kila ukuta na lango lake, na kando yangu akitembea mwanamke mtaratibu aitwaye Subira. Mbele yetu walikwenda Bi Siwema na Bi Tausi, ila humu kanga yao ilikuwa doti nzima isiyokatwa, imewafunika wote wawili. "Jimbo walikotoka liliwakubali kuwa watu wa nyumba moja," Subira akasema, "lakini dawa ya mgonjwa iko ng'ambo ya ukuta ule." Langoni alisimama mzee mnene, Desturi, mwenye mkasi kiunoni, na mkewe Kejeli akitafuna karanga.

"Hee! Kwenu hakuna mkasi, au mnaogopa kupoteana?" Kejeli akacheka.

Desturi hakucheka. "Mama zangu, kwenu ni kwenu. Jimbo hili lina sheria yake. Kateni, mgonjwa aingie peke yake."

Tukawafuata wakipanda kilimani kwenda kushtaki katika Nyumba Kuu, anakokaa Mamlaka, mwenye muhuri wa nchi yote. Njiani nikauliza kwa nini Nyumba Kuu isiamuru tu malango yote yafunguliwe.

"Binti yangu," Subira akajibu, "zamani amri ya kukata ilitoka humohumo, na jimbo moja dogo ndilo lililothubutu kusema, kwetu doti haikatwi. Siku ile ukuta uliwakinga watu kama hawa, leo unawazuia. Mwenye ufunguo anaweza kuwa yeyote. Wewe mtazame anayeachwa nje."

Mamlaka aliinua muhuri, kisha akasita. "Majimbo yananiambia watu kama hawa hawapo. Yuko aliyewaona?"

Nilijua ni mimi. Nikafungua mdomo, na Woga, msichana wa umri wangu aliyevaa viatu vyangu, akaniziba kwa kiganja. Nikausikia mkasi wa Desturi, aliyetufuata hadi humo, ukianza kula pindo.

Nikaamka. Jua lilikuwa bado kali. Nikakumbuka jinsi nilivyoinamia tambara, nikaelewa kwamba mkasi ule haukuhitaji chochote kutoka kwangu ila kimya, nami niliupa. Na shingoni, kwenye uzi, ulining'inia ufunguo wa mlango wa nyuma wa wodi, tunaotolea maji machafu.

Nikarudi hospitali, nikamkuta Bi Tausi bado kwenye benchi la nje, chupa mapajani.

"Shikamoo, mama. Njoo nami."

Nilipofungua mlango, akanishika mkono. "Watakufukuza, mwanangu. Kwa nini unafanya hivi?"

Jibu lake sikuwahi kulitamka, hata nikiwa peke yangu.

"Sandukuni nina kipande kimoja cha kanga," nikasema. "Cha pili anacho Mwanakheri. Nampenda."