Mteja wa Nyuma ya Shule

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Fundi aliisadiki methali hiyo miaka kumi na moja, na katika muda wote huo hakuona ngazi hata moja ikijibandua ukutani kwenda kutafuta mteja. Zilikuwa ngazi nzuri, za mbao, za kukunja, zenye vidato visivyolia ukikanyaga. Sasa zilijaa karakana, zikajaa ukumbi wa nyumba yake, na tangu juzi nne zililala chumbani, upande wa mkewe.

"Mwisho wa mwezi," mkewe alimwambia. "Usipopata mtu wa kuziuza, funga. Kaka yako anatafuta mtu wa kupokea mbao stoo kwake."

Fundi hakubisha. Muuzaji wake wa mwisho alikuwa akiuza ngazi nne kila mwezi, bila kuzidi wala kupungua, miezi minane mfululizo. Kisha akapata kazi ya kuuza simu, akaaga. Tangu siku hiyo haikutoka hata moja. Fundi hakuwahi kumuuliza alikuwa akimuuzia nani. Huo ulikuwa mwiko wake: aliyeuza haulizwi. Aliona ni sawa na kumhesabia mtu matonge.

Tangazo likabandikwa mlangoni, wakaja watu watatu. Mkewe alikaa pembeni na daftari, usoni amevaa subira ya mtu aliyelala na ngazi.

Wa kwanza alikuwa na tai. Aliongea tangu mlangoni, akaongea akikaa, na alipopewa maji akamsifu aliyebuni glasi. Wa pili alikuwa mnadi wa minadani, naye alijibu kila swali mara tatu, ya mwisho kwa sauti ya juu. Wa tatu alikuwa mwanamke aliyewahi kuuza miwani ya kusomea. Majibu yake yalikuwa mafupi mpaka mke wa Fundi akadhani anaumwa.

"Maneno nimeyasikia," Fundi akasema. "Kila mmoja achukue ngazi moja. Anzeni mtaa wa nyuma ya shule, watu wa pale waungwana. Saa sita muwe hapa."

Aliujua uungwana wa mtaa ule. Mama yake mzazi aliishi hapo.

Mwenye Tai alirudi baada ya dakika ishirini, mikono mitupu. Mnadi alirudi baada ya ishirini na tano, naye mikono mitupu, akatangaza mauzo yake mara tatu. Fundi hakuuliza kitu. Moyo ulimruka kwa furaha. Hakuwa mtu wa kuonyesha, akaishia kukohoa. Mkewe akaandika majina yote mawili na kuyapigia mstari.

Muuza Miwani alifika saa sita na robo, jasho linamtoka, ngazi ingali begani.

"Pole, dada," Fundi akasema kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua. "Biashara si ya kila mtu."

"Mteja nilimpata. Nilikataa kumuuzia."

Kalamu ya mkewe ikasimama.

"Bibi mmoja," Muuza Miwani akasema. "Kabla sijaitua ngazi alishasema naichukua. Hakuuliza bei. Mimi mtu asiyeuliza bei ananitia wasiwasi. Nikamuuliza, bibi, utapanda wapi? Akasema goti lake halipandi hata kitanda bila kushikwa. Nikamwomba anionyeshe pa kuiweka, akafungua chumba cha nyuma. Nimehesabu thelathini na nne, Fundi. Akaniambia nisikwambie."

"Mbona umeniambia?"

"Nimekuja kuomba kazi hapa. Sikuomba kwake."

Fundi akapiga hesabu. Nne mara nane, thelathini na mbili. Mbili za leo. Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaikunjua, akaikunja tena.

Walikwenda wawili, yeye na Muuza Miwani. Mama yake, nesi mstaafu, alikuwa amekaa sebuleni, mguu juu ya mto.

"Leo si Jumapili," mama akasema.

"Mama, wale panya uliosema wamejaa chumba cha nyuma, wapo bado?"

"Wapo. Usifungue."

Akafungua. Ngazi zilikuwa zimepangwa kwa safu, zimefutwa vumbi, mpya vilevile. Kila Jumapili kwa miezi minane alikuwa amekunywa chai hatua sita kutoka hapo. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Pensheni yako yote, Mama?"

"Si yote." Mama akaangalia goti lake. "Baba yako alifunga duka lake, hakumaliza mwaka. Nikasema wewe hutafunga mimi nikiwa hai. Halafu wale wauzaji wako, kila anayekuja anasema imetengenezwa na fundi hodari kuliko wote mjini. Nilipenda kusikia." Akamnyooshea Muuza Miwani kidole. "Isipokuwa huyu. Huyu kaniuliza habari za goti tu."

Fundi akakaa juu ya ngazi moja. Machozi yakamjia, akayafuta kwa kiganja chenye unga wa mbao, mambo yakawa mabaya zaidi. Ngazi haikulia.

Muuza Miwani alikuwa ameshaingia chumba cha kulala, anapima kwa shibiri kutoka sakafuni hadi ukingo wa kitanda.

"Vidato viwili tu," akasema kutoka huko. "Vipana. Na pa kushikia upande wa kulia. Bibi kaniambia wodi aliyofanyia kazi imejaa wagonjwa wa magoti. Hakuna anayewatengenezea."

Fundi akatoa penseli sikioni. "Kidato cha kwanza kiwe na kimo gani?"

"Shibiri moja. Isizidi."

"Kesho asubuhi uje kazini," akamwambia, huku anaandika ukutani kwa kukosa karatasi.

Mama akautoa mguu kwenye mto, akaegemea mbele, akawatazama wote wawili kwa jicho la mtu aliyewahi kulaliwa sokoni.

"Hiyo ya vidato viwili," akasema. "Bei gani?"