Ijumaa Wanaichukua Mashine ya Lyton

Ulipita. Usinikatalie. Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi. Mlango wa chumba chetu cha dharura ulikuwa wazi, maana bawaba yake ya chini imekatika tangu mwaka wa mafuriko na hakuna aliyekuja kuitengeneza, na wewe ulikuwa unakwenda kwenye dirisha la dawa. Ulimwona mtu ameketi kwenye kiti cha mbao, mikono magotini, mdomo wazi, anavuta hewa kwa mabega. Ukatoa simu ukaitazama. Nilikuona. Nawaona wote wanaopita pale wakitazama simu, na mimi sisahau.

Yule alikuwa Lyton Nkhoma, mwendesha kabaza, ile baiskeli ya kukodi yenye mto mwekundu nyuma. Kama umewahi kuugua katika mji huu, huenda ni yeye aliyekuleta. Gari letu la wagonjwa limekaa juu ya matofali mwaka wa tatu sasa. Lyton ndiye gari. Siku hiyo aliletwa na mwenzake, amefungwa kiunoni kwa kitenge cha mama yake asianguke.

"Achimwene, kaka yangu," aliniambia, akikata neno katikati kutafuta pumzi, "leo mimi ndiye... abiria."

Mimi ni Ellard Kachale, mhudumu. Miaka kumi na tisa nasukuma vitanda, nafuta damu sakafuni, nabeba mitungi. Sina cheti. Nina vitabu vya udaktari vilivyotupwa na wanafunzi, na nimevisoma vyote. Kimoja mchwa walikila sura nzima ya moyo, kwa hiyo moyo nimejifunza kwa watu wenyewe.

Na nina wivu. Nalisema mapema usije ukaligundua mwenyewe ukadhani umenikamata.

Wivu wangu una jina: Zione Mbewe, muuguzi. Alipofika kwetu miaka sita iliyopita hakujua kuhesabu pumzi za mgonjwa. Mimi ndiye niliyemsimamisha miguuni pa mgonjwa nikamwambia, sista, acha kifua, tazama shimo la shingo na mabawa ya pua. Hesabu dakika nzima. Ukihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, mgonjwa atakudanganya. Tulihesabu pamoja kwa saa yangu isiyo na mkanda mpaka akawa anajua kabla ya saa.

Kisha ukaja utafiti. Wakagawa chumba kwa pazia la kijani. Upande wao, vitanda sita na mashine sita mpya zinazosukuma hewa yenye joto na unyevu puani kwa nguvu, zina betri zake. Walitaka kujua kama mashine hizo zinaokoa watu wengi kuliko oksijeni ya kawaida. Mgonjwa akikubali, bahasha iliyofungwa inafunguliwa: huyu apate mashine mpya, huyu apate ya kawaida. Lakini hata yule wa kawaida alipata mtungi wake peke yake na muuguzi wa kumtazama kila robo saa. Upande wetu tulikuwa na mashine moja ya zamani ya oksijeni, bomba lake limegawanywa mara nne kwa watu wanne, na umeme ukikatika wote wanne wanatazama dari.

Walimchukua Zione. Wakampa viatu vyeupe na kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu, cha kuning'iniza shingoni. Hilo ningelimeza. Lakini siku moja nilikuta kitabu chao cha mwongozo mezani, nikakifungua. Ukurasa wa pili: hesabu pumzi dakika nzima, tazama shimo la shingo. Na chini yake, wamemshukuru Sista Zione Mbewe kwa mchango huo.

Miaka miwili nimeubeba ukurasa ule. Nilikuwa nikimsikia akicheka nyuma ya pazia na wenzake wanapokunywa chai, nami nasugua sakafu kwa nguvu kuliko uchafu uliokuwapo.

Basi Jumanne ile namsukuma Lyton, nimeshahesabu: pumzi arobaini na nne kwa dakika. Zione akachungulia.

"Kaka Ellard, huyo mlete huku. Kitanda cha tatu kiko tupu."

"Ni pumu tu. Tutammudu."

"Umehesabu?"

"Nani alikufundisha kuhesabu, wewe?"

Akarudi nyuma ya pazia. Mimi nilijua si pumu. Pumu inapiga filimbi. Kifua cha Lyton kilikuwa kinakwaruza kama mchanga kwenye sufuria. Ilikuwa nimonia, na imekwisha kumpanda. Nilidanganya kwa sababu ya lile neno "huku", jinsi alivyolitamka, kana kwamba kwangu hakuna mahali.

Mama yake Lyton alikuwa nyuma yangu na sufuria ya uji. "Kule kuna nini?" akaniuliza.

"Kule wanafanyia watu majaribio, mama."

"Ee! Mwanangu asijaribiwe."

"Ndivyo nami naona."

Sheria ya utafiti ni saa moja. Mgonjwa akishapita saa moja tangu aingie mlangoni, haandikishwi tena. Niliijua. Niliiacha saa ipite. Tabibu wetu, mmoja tu, alikuwa anashona watu wa ajali. Alimpima Lyton mbio mbio, akaagiza oksijeni na sindano. Nikamuunganisha kwenye tawi la nne la bomba letu. Nikasimama pale kifua mbele. Nilitaka apone upande wangu, kwa hesabu yangu, na Zione aone.

Saa nne na dakika ishirini umeme ukakatika.

Mashine yetu ililia mlio mmoja mrefu ikanyamaza. Mtungi wa akiba, mshale wake ulikuwa umelala kwenye sifuri tangu Jumamosi, nimeuripoti mara mbili. Jenereta haina dizeli. Wale watatu wengine walikuwa na nguvu za kungoja. Lyton hakuwa nazo. Kucha zikageuka rangi. Alinishika mkono wa shati, akauvuta. Na nyuma ya pazia zile mashine sita zilikuwa zinanguruma taratibu kwa betri zake, moja haina mtu.

Nilikwenda. Usidhani ilikuwa rahisi.

"Sista. Lyton anakufa."

Zione alikuwa amesimama tayari. "Aliingia saa ngapi?"

"Saa tatu na kitu."

"Sasa ni saa nne na nusu, kaka."

"Andika saa nne."

"Siandiki."

"Zione! Kalamu tu! Nani atajua?"

"Mimi. Jibu la hapa litatumika hospitali ngapi? Nikiandika uongo, kuna mtu mahali fulani atatibiwa kwa uongo wangu." Akainama akachomoa waya ukutani. "Kitabu sikichezei. Mashine nitaiiba. Shika upande huo."

Tukaisukuma, gurudumu moja likikwama kwenye ufa. Mama Nkhoma akatuzuia kwa mikono miwili.

"Hapana! Mlisema kule mnajaribu watu!"

Zione akanitazama. Angenisema, ningemchukia kwa urahisi zaidi.

"Ni mimi niliyesema, mama," nikasema. "Nilisema vibaya. Mashine hii inasaidia. Ningekwambia ukweli mapema huenda angekuwa nayo saa nzima sasa."

"Kwa nini hukusema?"

"Wivu."

"Wivu?" Aliniangalia kuanzia viatu hadi mvi. "Mwanangu anakata roho kwa wivu wa babu zima? Sukuma hiyo mashine, mwanamume. Matusi yako nakuwekea, nitakupa baadaye."

Alinipa, kweli, yote, mbele ya akina mama wote uani wanapopikia wagonjwa wao nsima, ugali wetu. Lakini kwanza Lyton alivuta hewa. Kipimo kilisoma sitini na nane, kisha sabini na tisa, kisha kikapanda polepole mpaka tisini na tatu. Nilihesabu kwa saa yangu: pumzi thelathini na sita. Baada ya chakula cha mchana, ishirini na nane. Jioni akaomba chumvi kwenye uji, akasema huu wa hospitali umepikwa na mtu aliyeachwa.

Jumatano akaja Dokta Kumwenda, mkuu wa utafiti hapa kwetu. Si mtu mbaya, huyo. Alisoma kila kitu, maana Zione aliandika kila kitu: mgonjwa hakuandikishwa, mashine imetumika, aliyeitoa ni yeye, Zione. Mashine akaiacha kwa Lyton, lakini Zione akamtoa kwenye utafiti palepale. Akanyoosha mkono, Zione akavua kipimo shingoni akampa.

Miaka miwili nilikuwa nangoja kuiona shingo ile tupu. Nilifurahi. Kwa muda wa pumzi tatu hivi nilifurahi, na hesabu hiyo uniamini, ni kazi yangu. Kisha akina mama wa uani wakamletea thobwa, togwa yetu ya mahindi, ya baridi kwenye kikombe kikubwa, wakamwita binti yetu, nikaona wivu mpya umeshaota juu ya ule wa zamani. Ni yeye tena. Aliyethubutu ni yeye, na mimi ndiye niliyemfundisha kuhesabu. Hata leo ninapoandika unaniwasha. Sijapona, na sikuombi unihurumie.

Nakuambia haya kwa sababu moja. Utafiti umekamilisha idadi yake ya watu. Kesho, Ijumaa, lori linakuja saa tatu asubuhi kuchukua mashine zote sita, na mojawapo iko puani mwa Lyton. Leo tulijaribu kumtoa. Dakika ishirini tu kipimo kikashuka hadi sabini na nane, tukamrudisha. Anahitaji siku nne, pengine tano.

Nilimwambia Kumwenda. Akavua miwani akajifuta. "Ellard, mashine si zangu. Zimeshaandikiwa nchi nyingine. Nimewapigia wenye mashine, wanasema hakuna aliyelalamika."

Hakuna aliyelalamika! Wamewaandikisha watu mia mbili na kumi na wawili katika mji huu. Kila mmoja, au ndugu yake, alitia sahihi au dole gumba kwenye karatasi, akapewa nakala. Nimeisoma nakala hiyo yote, jambo ambalo wewe hukufanya. Ukurasa wa nne unasema: mwisho wa utafiti, hatima ya mashine itajadiliwa na wakazi wa mji. Mkazi ni wewe. Nani alikuita kujadili? Mimi sikuitwa. Zione hakuitwa. Mama Nkhoma hakuitwa.

Nakala iko nyumbani kwako. Iko chini ya godoro, au kwenye mfuko wa koti la marehemu, au umefungia karanga. Ondoka hapo ulipokaa uitafute sasa hivi. Kama huna, mwamshe jirani aliye nayo. Saa mbili kesho uwe kwenye lango la hospitali, karatasi mkononi, imefunguliwa ukurasa wa nne. Usirushe jiwe, usimguse dereva. Simama mbele ya lori, umsomee Kumwenda sentensi ile kwa sauti, na usiondoke mpaka mjadala ufanyike.