Pikipiki ya Mradi

Leonida alikuwa akimtoa damu kisiginoni mtoto wa Mokami, mwenye wiki sita, gari la mradi liliposimama mbele ya zahanati yao kule Busawe. Akashuka Huruma, ofisa wa mradi wa ukimwi uliofadhiliwa kutoka nje.

"Sista, nimekuja kuchukua pikipiki."

Pikipiki hiyo ndiyo iliyokuwa ikipeleka sampuli za damu kwenye maabara ya wilaya, Mugumu, kila Jumanne. Mokami anaishi na virusi vya ukimwi. Majibu ya kipimo cha mwanawe yakichelewa, dawa nazo zinachelewa.

"Kwa nini?"

"Kule kwa wafadhili imeingia serikali mpya. Misaada ya nje imesitishwa. Vifaa vyote virudi stoo, Mwanza."

"Vikafanye nini?"

Huruma akatazama chini. "Vikae."

Leonida, nesi aliyehamishiwa hapa kutoka Kagera miaka sita iliyopita, alipandwa na hasira.

"Wamepiga kura watu wasiojua Busawe iko wapi. Huyu mtoto alimpigia nani?"

"Hata mimi mwisho wa mwezi sina kazi. Usinigombeze."

"Nitakugombeza. Hao wenyewe siwafikii."

Mokami akamfunika mtoto. "Na serikali yetu je? Miaka yote hii ilikuwa inangoja wageni watubebee damu?"

Huruma akatoa fomu ya makabidhiano. Juu iliandikwa: Mradi umekamilika kwa mafanikio. Leonida alikata maneno hayo kwa nguvu hadi karatasi ikachanika, akaandika: Umekatizwa. Ndipo akasaini. Pikipiki ikapakiwa.

Damu ya mtoto ilipokauka kwenye kadi ya kipimo, aliitia kwenye bahasha, akapanda bodaboda mpaka Mugumu. Alipokwisha kuikabidhi maabara, alikwenda ofisini kwa mkubwa wake.

"Nipe usafiri wa Jumanne, au niandikie kwa mkono wako kwamba hakuna."

"Leonida, haya ni mambo ya mataifa. Sisi ni wadogo."

"Mtoto ni wa kwetu, mzee. Andika."

Alikaa pale mpaka akaahidiwa kwamba gari la chanjo litapitia kwake. Lilipita Jumanne mbili. Ya tatu halikuja.

Majibu yalifika baada ya wiki saba: mtoto hana virusi. Mokami alipiga magoti, akalia. Leonida alimwinua, akampongeza, lakini hasira haikumtoka. Mezani kwake kulikuwa na bahasha nyingine tisa za damu ya watoto zikingoja usafiri, na nje akina mama walikuwa wanauliza gari linakuja lini.