Ubao wa Josho

Karani Maweu alipoamuru ng'ombe watano wa Kahaso warudi joshoni kwa mara ya tatu, Kahaso hakuondoka. Alijifunga leso kiunoni, akaketi mavumbini mbele ya lango na kusema, "Leo ni mimi na wewe, karani."

Ulikuwa mwaka wa pili wa Uhuru, na nyika yote ilikuwa imekauka kau. Kaka yake, Tsuma, alikuwa na malisho tele kule Bongwe, lakini mnyama hakuteremka pwani ila kwa kupitia kizuizi hiki, aogeshwe dawa ya kupe kwanza. Ndani ya zizi la kungojea hapakuwa na hata unyasi mmoja. Mbavu za Madoa, aliyewaongoza wenzake, ungezihesabu ukiwa mbali. Wiki moja zaidi humo na ng'ombe wote wangekufa, na Kahaso hakuwa na wengine.

"Shikamoo, mama," alisema Maweu, mgeni kutoka Ukambani. "Si mimi. Ubao ndio unaosema hivyo."

"Marahaba. Basi nisomee huo ubao."

Maweu akasoma maneno aliyoyaandika mwenyewe mwezi huohuo kwa rangi nyeupe. Mnyama asiyetimiza siku saba tangu kuogeshwa, angoje zizini. Aliyetimiza siku saba, aogeshwe upya. Mwingine yeyote, apite.

"Ehee! Sasa njoo hapa joshoni. Wewe ni ng'ombe."

"Mama!"

"Njoo, nimesema! Karani ni mimi."

Loo, wachungaji waliokuwa wakingoja zamu walicheka hadi wakashika mbavu! Karani wa Serikali, kaptura imepigwa pasi, anajifanya ng'ombe! Lakini kwa mwanamke wa rika la mamake angekataaje?

"Umeogeshwa leo," Kahaso alisema. "Una siku ngapi?"

"Hata moja sina."

"Zizini. Siku ya tatu?"

"Bado nangoja."

"Ya sita?"

"Nangoja."

"Ya saba?"

"Nimetimiza. Narudi joshoni."

"Nenda basi."

Akaenda. Wakaanza upya, siku ya kwanza hadi ya saba, akarudi joshoni tena. Mara ya tatu alisimama katikati ya zizi na josho, tabasamu limetoweka usoni.

"Haya, mwanangu, niambie," Kahaso alisema, sauti ikimtetemeka kwa hasira. "Aliyepungukiwa anangoja. Aliyetimiza anaogeshwa. Huyo mwingine wa kupita ni nani? Hayupo! Mimi sijui kusoma, lakini kuzungushwa nakujua. Hata mwaka mzima tungezunguka tu hapa!"

Maweu alikimbilia ofisini, akarudi na karatasi ya amri ya Bwana Mifugo, mkubwa wake. Aliisoma mara mbili, midomo ikimcheza. Karatasi ilisema kwamba kuanzia siku ya saba hadi ya kumi na nne mnyama apite, na akizidisha kumi na nne ndipo aogeshwe upya.

"Ubao ulikuwa mdogo," alisema, uso umemshuka kwa aibu. "Nikafupisha. Lakini Bwana Mifugo atakuja Ijumaa, nitamwomba ruhusa ya kurekebisha."

"Ijumaa! Ng'ombe wangu wafe kwa adabu yako? Karatasi yake haina kosa, kosa ni la mkono wako. Chukua rangi."

Maweu alimtazama, akawatazama wale ng'ombe. Alichukua rangi. Aliandika kwa herufi ndogo zilizobanana, akaenda langoni na kulifungua mwenyewe hadi mwisho.

"Wapite, mama. Leo wametimiza siku saba."

Kahaso akawaswaga. Ng'ombe wakajikokota hadi langoni, na mbele yao njia ya Bongwe ilikuwa wazi kabisa. Hapo wote watano wakageuka wenyewe, mmoja nyuma ya mwingine, wakaelekea joshoni kama walivyozoea. Hakuna aliyewafukuza. Maweu akashindwa kutazama.

Machozi yalimtoka Kahaso, akayafuta kwa ncha ya leso. Ingekuwa mtu mwingine angekaa chini akalia, lakini yeye alimkimbilia Madoa, akamshika pembe na kumvuta. Madoa akagoma.

"Si huko, mama yangu," Kahaso alimwambia. "Huko kumekwisha."

Akavuta tena, visigino vikichimba mchanga, mpaka kwato za mbele zikakanyaga nje ya lango.