Siri ya Sabuni

Mama Sabuni hakuwa mjinga wa biashara. Kiwanda chake alikikatia bima ya moto, akaweka na mlinzi getini. Ila kuhusu vipimo vya sabuni alikuwa mkali kama pilipili: vikae kichwani mwa kaka yake, mpishi wa sabuni, basi! Visiandikwe popote, asifundishwe mtu, maana wafanyakazi hawa ukiwachekea wataviiba, wakafungue kiwanda chao mtaa wa pili.

Kisha kaka akaanguka kwa kiharusi.

Wafanyakazi wakabaki kubahatisha. Sabuni mara ikatoka laini kama uji, mara ikawababua wateja mikono, na maduka yakaanza kurudisha mzigo. Siku ulimi wa kaka ulipofunguka, Mama Sabuni alikimbia hospitali na mche wa mwisho wa sabuni uliopikwa na kaka mwenyewe kabla hajaugua, akamwekea kiganjani.

"Kaka, nakuomba. Hii uliipikaje?"

Kaka aliunusa mche ule taratibu, akaugeuzageuza. Uso ukamchangamka, na roho ya dada yake ikatulia kidogo.

"Wanajua kazi hawa," akasema. "Umenunua wapi, dada?"